Mahamri na Mbaazi: Maneno kwa Makarani Wageni wa Mombasa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme maneno machache kwa ajili ya ndugu zetu waliohamishiwa Mombasa mwezi huu, na tukaachiwa tuchague wenyewe jambo la kusema. Wenzetu waliotutangulia katika mikutano hii wamekwisha kusema juu ya nyumba za kupanga, juu ya kuweka akiba, na juu ya namna ya kuandika barua ya maombi ipasavyo. Sisi tumechagua chakula cha asubuhi. Twajua wako watakaocheka, na kule nyuma twasikia mmoja amekwisha kuanza. Na acheke, lakini karani hula kabla hajaandika, na mgeni asiyejua mahamri na mbaazi aweza kukaa Mombasa mwaka mzima hali ni kama mtu aliye njiani bado.

Ndugu zetu watokao bara wamezoea mandazi, nao wakiona hamri kwa mara ya kwanza hudhani ni mandazi yenye jina la pwani. Sivyo. Hamri hukandwa kwa unga wa ngano, sukari, hamira, iliki iliyotwangwa, na tui la nazi mahali pa maji. Jina lenyewe lina undugu na hilo neno hamira. Unga ukiisha kukandwa huachwa uumuke, na wapishi wengi huukanda jioni ili alfajiri uwe tayari. Kisha hukatwa madonge, kila donge likasukumwa likawa duara, na duara likakatwa vipande vinne vyenye pembe tatu tatu. Hutiwa katika karai la mafuta ya moto, na mpishi humwagia yale mafuta juu ya mgongo wa kila kipande kwa upawa, hata kikafura kama mto wa kulalia. Likiwa limepikwa vema, hamri huwa na uwazi ndani.

Uwazi huo ulitutia aibu. Siku yetu ya kwanza tulipasua hamri, tukaona halina kitu ndani, tukadhani tumeuziwa hewa. Tukamwambia mwuzaji, kwa sauti ile tuitumiayo dirishani pa ofisi, kwamba bidhaa yake ina upungufu, tafadhali atubadilishie. Watu wote waliokaa barazani wakanyamaza. Yule mama hakukasirika. Alitwaa upawa, akajaza mbaazi katika ule uwazi, akatukabidhi akisema, "Mwanangu, hicho ni chumba. Na huyu ndiye mpangaji wake." Baraza zima likacheka, na tangu siku hiyo tukaitwa Karani Hewa. Wenzetu wa idara ya hazina wajua maana nyingine ya neno hilo, nao watuwie radhi.

Sasa huyo mpangaji. Mbaazi kavu hurowekwa usiku kucha, zikachemshwa polepole mpaka ziwe laini bila kupasuka. Nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha zikakamuliwa katika kifumbu au kitambaa. Tui la kwanza, lililo zito, ambalo wazee huliita kasimile, huwekwa kando. La pili, lililo jepesi, ndilo hutangulia kutiwa chunguni pamoja na kitunguu, pilipili, chumvi na manjano kidogo. Kasimile hutiwa mwisho, na hapo moto hupunguzwa, na mpishi hukoroga asiache, maana tui likichemka kwa nguvu hukatika, likawa maji mbali na mafuta mbali. Mtu aliyezoea huijua sahani iliyokatika tui kwa kuitazama tu, naye hupita akaenda baraza ya pili bila kusema neno. Nanyi mkijua, piteni vivyo hivyo, bila kusema neno.

Yafaa tuseme jambo moja juu ya asili ya chakula hiki, kwa sababu wako watu wa bara wanaokiogopa kama kitu kigeni. Wataalamu wa mimea husema kwamba mbaazi asili yake ni Bara Hindi, nayo imelimwa Afrika ya Mashariki tangu zamani. Lakini katika Kenya mbaazi nyingi hazilimwi pwani. Hulimwa Machakos, Makueni na Kitui, kwa kuwa mmea huu hustahimili ukame, na Wakamba huziita nzuu. Ngano nayo haikui katika joto la pwani, na nyingi tunayokula hutoka ng'ambo. Katika sahani nzima mwenyeji wa pwani ni nazi tu. Basi mbaazi hushuka Mombasa kwa barabara ile ile ashukayo karani aliyehamishwa, zikafika, zikaungana na tui, na baada ya hapo hakuna amtambuaye mgeni.

Tukiingia katika mambo ya safari ya asubuhi: anayefika kwa gari moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 hushushwa Miritini, mbali na mji, tena mara nyingi mchana au usiku, saa ambazo mbaazi zimekwisha. Asihuzunike. Alale, na kesho yake aamke mapema aende Mji wa Kale. Alama yake ni Ngome, ile waliyoijenga Wareno katika miaka ya 1593 hata 1596, ambayo toka 1895 mpaka 1958 ilikuwa gereza. Aiache Ngome nyuma, aingie katika vichochoro vya Kibokoni, afuate pua yake. Majengo na Makadara pia zipo baraza njema, na kila mwanachama mkongwe atawaapia kuwa yake ndiyo bora kuliko zote. Sisi hatutaitaja yetu, maana mama yule hakutupa ruhusa ya kumwandika katika gazeti.

Saa ni jambo la kushika sana. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu vyungu vimejaa. Ikifika saa tatu utakuta sufuria inasuguliwa. Na katika mwezi wa Ramadhani wauzaji wengi hawaweki meza asubuhi kabisa. Mbaazi na mahamri huonekana jioni, watu wanapofuturu. Mgeni asiyefunga asizungukezunguke vichochoroni mchana akiulizia chakula. Na ale kwake kwa staha.

Tena aje na bakuli. Tangu mwezi wa Agosti 2017 mifuko ya plastiki imekatazwa katika Kenya, na mtu atakaye kuchukua mbaazi kwenda nazo ofisini lazima awe na chombo chenye kifuniko. Twasema "chenye kifuniko" kwa sababu, naam, faili moja katika ofisi yetu lina doa la manjano mpaka leo.

Adabu za barazani ni nyepesi, lakini hutazamwa. Usianze kwa kusema "Nipe." Amkia kwanza: waliokukalia umri waambie shikamoo, ungoje marahaba, waliobaki watakie asubuhi njema na kuuliza hali. Mwuzaji aliye umri wa mama yako mwite Mama, naye atakuita mwanangu, hata ukiwa na cheo kikubwa namna gani. Osha mikono, ule kwa mkono wa kuume. Pasua hamri, chota mbaazi, au jaza chumba kama tulivyofundishwa sisi. Chai hunywewa juu yake. Na usiharakishe kuondoka, kwa maana hapo barazani ndipo utakapojua nyumba ipi ina chumba cha kupanga, fundi yupi ni mwaminifu, na zahanati ipi ina daktari siku ya Jumapili. Sisi chumba chetu tulikipata kwa njia hiyo, katikati ya hamri la pili na la tatu.

Zipo nyingine, viazi vya karai, kaimati, mkate wa sinia. Mtazijua wenyewe jioni.

Sasa tumefika penye neno ambalo hasa lilitufanya tukubali kusimama hapa. Mama hawa hukopesha. Karani mgeni ambaye mshahara wake wa kwanza haujaingia aweza kula mwezi mzima kwa jina lake tu, na jina hilo huandikwa katika daftari la shule la mtoto. Sisi tuliandikwa "Karani Hewa", tukawa na ukurasa wetu. Kila mwisho wa mwezi tulilipa, na ukurasa ukapigwa mstari.

Katika mwaka wa pili mshahara wetu ulichelewa, na deni likafika shilingi 2,340. Kabla hatujalilipa tukatumwa Taveta kwa kazi ya wiki tatu, nayo ikawa miezi minne. Tuliondoka usiku. Hatukuaga. Tuliporudi mshahara ulikuwa umekwisha kulipwa zamani na fedha zimekwisha kwenda katika mambo mengine, nasi kwa haya tukawa twapita njia nyingine kwenda kazini, njia ndefu ya kuzunguka, tukala mkate mkavu chumbani. Tulijiambia kwamba tukikusanya fedha kamili tutarudi. Fedha ilikusanyika, na bado hatukwenda, kwa maana siku zilivyozidi ndivyo uso ulivyozidi kuwa mzito.

Ndipo alipoletwa ofisini kwetu kijana mmoja kutoka Machakos. Wiki ya tatu tukamwona mkono unamtetemeka juu ya karatasi. Tukamwuliza kama ana homa. Akasema hana homa, ila tangu jana mchana hajala kitu. Mshahara wa kwanza haujaja, na katika mtaa wake alimwomba mama mmoja mwenye mbaazi amwandikie, akajibiwa kwa upole kwamba zamani makarani walikuwa wakiandikwa, lakini sasa hawaandikwi tena. Tukamwuliza ni baraza ipi. Akatueleza mlango wake, na ubao wake wa kukalia, na mnazi uliopinda pale kando.

Mabwana na mabibi, tulimpa kijana yule fedha ya chakula cha siku hiyo, na jioni ile ile tukapiga hodi. Mama akatukaribisha kama kwamba tulikuwa tumekula kwake jana. Tukaanza kueleza: mshahara kuchelewa, Taveta, miezi minne. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Hatukuwa na la kujibu. Tukaweka fedha mkekani, na juu yake tukaongeza kidogo. Akazihesabu, akaturudishia ile nyongeza, akaleta daftari, akapiga mstari.

Halafu akasema maneno ambayo yametukaa kuliko hayo ya mbaazi. Alisema, "Fedha haikuniudhi sana. Ulikwenda zako hukuaga. Siku tatu nilikuwekea mahamri yako manne chini ya kawa, nikasema huenda yu mgonjwa. Siku ya nne nikamtuma mtoto, akakuta kufuli." Tukamwuliza kama ni kwa ajili yetu kwamba makarani hawaandikwi tena. Akasema ni kwetu na wengine wawili baada yetu. Wale wawili hatuwajui, lakini wa kwanza tulikuwa sisi.

Tukamwambia habari za kijana. Akasema, "Mlete kesho, lakini uje naye wewe." Asubuhi yake tukaenda wote wawili. Kijana alipoonja akasema, "Kwetu hizi ni nzuu," akaeleza jinsi mama yake azipikavyo pamoja na mahindi. Mama akauliza, "Na nazi je?" Akajibiwa hakuna nazi. Akamwonea huruma sana, akamwongeza upawa mmoja bila kumhesabia, akafungua ukurasa mpya. Deni la mwezi ule sisi tulisimama kuwa wadhamini, na kijana alililipa lote siku ile ile mshahara wake ulipoingia. Leo yumo humu ukumbini, naye ndiye aliyecheka kule nyuma.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri iandike jambo dogo katika ile karatasi wapewayo wanachama wanaohamishwa, ile yenye orodha ya funguo, vitabu vya ofisi na vyombo vya nyumba. Pale chini liongezwe swali moja: Je, umelipa na kuaga pale ulapo asubuhi? Bwana Mwandishi ametuambia kwamba nafasi ya mstari mmoja ipo.

Na wageni watatu waliofika mwezi huu, tutaonana nao Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, mbele ya lango la Ngome. Kila mmoja aje na bakuli lake, lenye kifuniko. Atakayechelewa hatutamngoja, maana zile mbaazi nazo hazingoji.