Mwenye Hedhi Isiyotabirika Apime Mimba Lini?

Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wauzaji wa maduka ya dawa, Kata ya Mollo, Manispaa ya Sumbawanga



Mama akija kupima mimba, swali letu la kwanza ni, "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Hapa kwetu jibu mara nyingi haliji kwa tarehe, linakuja kwa shamba: "Tulikuwa tunapalilia mahindi," au, "Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua." Mwezi mmoja ameziona siku zake baada ya siku 26, mwingine baada ya 45, mwingine hakuona kabisa. Ukimwambia asubiri hedhi ichelewe ndipo apime, hujamsaidia. Ichelewe kutoka lini?

Kwa mwanamke huyu tuache kuhesabu hedhi. Tuhesabu siku aliyokutana na mwanaume bila kinga. Zikitimia siku 21, apime.

Siku hizo hazikuokotwa tu. Mbegu za kiume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5 zikisubiri yai. Yai likisharutubishwa, hupita siku 6 hadi 12 tangu lilipopevuka kabla halijajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Hapo ndipo mwili huanza kutoa homoni iitwayo hCG, nayo katika wiki za mwanzo huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 au 3. Kipimo cha mkojo huitafuta homoni hiyo tu. Anayepima siku ya kumi anaweza kuambiwa hana mimba, kumbe anayo.

Aliye na mume hana siku moja ya kuhesabia, na hao ndio wengi. Apime anapopata shaka. Jibu likiwa hakuna, arudie baada ya siku 7. Akitumia kondomu kwa wiki tatu mfululizo na kipimo bado kinakataa, hapo jibu ni la kuaminika.

Wanaonyonyesha tuwaangalie kwa makini zaidi. Yai la kwanza baada ya kujifungua huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo mama anaweza kubeba mimba bila kuona damu hata tone, akadhani ni kunyonyesha tu. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu naye hedhi yake hukawia, na uzazi wake huchukua miezi kadhaa kurudi. Kukosa hedhi kwake si ushahidi wa mimba, wala wa kutokuwa nayo.

Tuwaelekeze pia namna ya kupima. Mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla ya chai, kwenye kikombe kisafi kisicho na mabaki ya sabuni. Kijiti kisizame kupita alama ya mshale. Jibu lisomwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 5. Mama mmoja alikiacha kijiti dirishani tangu alfajiri; saa nne akakiokota, akaona kivuli cha mstari wa pili, akanijia akilia kwa furaha. Mkojo ulikuwa umekauka tu. Tulipima upya, mstari ukawa mmoja, na kumweleza hivyo kulinichoma moyo. Lakini mstari hafifu ukitokea ndani ya muda, huo ni mstari: aanze kliniki kabla ya wiki 12, apate vidonge vya madini chuma na foliki asidi, apimwe VVU.

Wauzaji wa dawa, nawaomba kabla hamjamkabidhi mama kipimo mumuulize siku ya mwisho aliyokutana na mwenzake, tena kwa sauti ya chini, wateja wengine wasisikie. Na ninyi wahudumu, mkimkuta mwanamke aliyekosa hedhi ana maumivu makali ya tumbo upande mmoja, anatokwa damu au anazimia, msimtafutie kipimo kingine hata kama cha kwanza kilikataa. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.