Kamera ya chama na kadi iliyofutwa

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, hapa Katanika. Tunayaandika karibu vile tulivyoyasema, juu wengi walikuwa shambani ile siku.)

Ninyi vijana muliosimama kule nyuma, karibuni mbele, fasi iko.

Mwenyekiti ametuomba tuseme juu ya kamera. Tunajua kuko waliokuja leo kusikia bei ya kuikodisha kwa harusi tu. Tutafika kwa bei. Lakini kwanza tuna deni kwenu, sisi wafanyakazi wa terrain, na tunataka kulilipa mbele ya watu wote, siyo pembeni nyuma ya nyumba.

Hii njo kamera yenyewe. Wengi mumeiona kwa mbali tu, basi ipitishwe mkono kwa mkono. Ni Handycam ndogo ya Sony, aina ya HDR-CX405. Inaenea katika kiganja, na uzito wake pamoja na batri haufike robo kilo. Waya wa kuchaji umefichwa ndani ya huu mkanda wa mkono, mukiuvuta munauona. Inakula moto kwa USB kama simu, kwa hiyo hata umeme wa Bendera ukikatika siku tatu, ile sola ya chama na powabanki vinatosha. Lenzi yake inavuta mara 30. Unaweza kusimama hapa na ukaona uso wa mama anayepanga foleni kule kwenye pompi ya maji. Tutarudia hilo la kuvuta nyuso za watu kwa mbali, juu lina shida yake.

Mtu mmoja alituuliza: kila kijana ana simu inayopiga video, kamera ya nini tena? Ni swali la haki. Simu ina mwenyewe. Mwenyewe akienda Lubumbashi kutafuta maisha, ao akiiuza juu mtoto anagonjwa, ao ikianguka ziwani, yote yaliyokuwa ndani yanaenda. Na simu inaita katikati ya maneno ya mzee. Hii kamera haiitwi na mtu. Nusu ya bei yake ilitoka kwenye michango yenu ya kila mwezi, franka juu ya franka, nusu iliongezwa na shirika letu. Ni ya chama. Ikilala, inalala kwenye sanduku la chama.

Munakumbuka kwa nini tuliinunua. Mapigano ya Waluba na Watwa yaliyotufukuza 2016 na 2017 yalichoma nyumba, lakini nyumba inajengwa tena kwa miezi miwili. Shamba njo kichwa cha maneno. Watu walipoanza kurudi, walikuta miti ya mipaka imekatwa, imegeuka makala na kuuzwa Kalemie. Kijito kimehama. Njia ya zamani imefunikwa na majani. Anayejua mpaka ulipita wapi ni mzee, na wazee wetu walianza kuzikwa hapa hapa kambini kabla ya kuyaona mashamba yao tena. Basi tulisema: tumpeleke mzee shambani, majirani wake wa pande zote wawepo, atembee mpaka wote na kusema kwa kinywa chake, na kamera ifuate nyuma.

Tulifanya hivyo na mzee mmoja, kwenye kijiji kimoja upande wa barabara ya Nyunzu. Watoto wake wako hapa leo, wametupa ruhusa ya kulisema hili bila jina. Alitembea na fimbo dakika arobaini na kitu. Alianzia kwenye kisiki cha mwembe ambao baba yake aliupanda, akateremka mpaka kwenye mawe matatu, akafuata bonde. Majirani wawili walitembea naye, mmoja Muluba, mmoja Mutwa. Kila alipofika kwenye alama alisimama, akawauliza: «Ni hapa ao si hapa?» Nao wakajibu: «Ni hapa.» Fasi moja Mutwa akasema hapana, ni hatua kumi huku. Wakabishana, wakacheka, wakakubaliana kwenye hatua sita. Yote ilikuwa kwenye kamera, na sauti safi, juu tulikuwa tumefunika mikro na kipande cha sponji kwa ajili ya upepo.

Kisha tukarudi, tukafurahi, tukaweka kamera kwenye sanduku. Hatukunakili. Hilo njo kosa letu. Tulisema tutanakili Ijumaa. Ijumaa tukaitwa kwenye semina, na wiki nyingine mafuta ya moto yalikosekana. Munajua vile siku zinakwenda.

Ikaja harusi. Kadi ilikuwa moja tu, ya giga 32. Kwa ubora wa kawaida wa HD, wa megabiti 17 kwa sekunde, saa moja ya video inakula karibu giga nane, kwa hiyo kadi nzima ni saa nne hivi, haifike mbali. Katikati ya sherehe kamera ikaandika kwamba kadi imejaa. Kijana aliyekuwa anaishika akaangalia huku na huku, wote wanacheza, hakuna wa kumuuliza. Akabonyeza «format», kadi ikawa tupu, akaendelea. Tunawaomba tena, musimlaumu yule kijana. Hakuna aliyemwambia mle ndani kuna nini, na sisi njo tuliopaswa kumwambia. Video ya harusi ni nzuri sana, mumeiona.

Mzee alikufa katika mvua iliyofuata.

Tulibeba kadi mpaka mjini kwa fundi mmoja wa kompyuta. Alitueleza jambo ambalo inafaa kila mmoja alijue. Ukifuta kadi, vitu havitoki palepale. Kamera inasahau tu orodha ya mahali vilipo, sawa daftari lililochanwa ukurasa wa kwanza. Ukiacha hapo na usipige kitu kingine, kuko programu za kuvirudisha, na mara nyingi vinarudi. Kinachoua ni kupiga tena juu yake. Sisi tulikuwa tumepiga saa tatu za dansi juu ya maneno ya mzee. Mama mmoja wa upande wa bibi harusi alituuliza kama hawawezi kumvuta mzee kutoka chini ya wale wachezaji. Tulikosa jibu. Fundi alifanya kazi siku mbili. Kilichorudi ni mkutano wetu wa michango, watu wanabishana juu ya franka 500.

Wale waliotumia kaseti zamani wanakumbuka kile kiplastiki kidogo pembeni: ukikivunja, hakuna wa kurekodi juu yake tena. Kadi kubwa ya SD nayo ina kifungo cha namna hiyo ubavuni. Lakini hii kadi ndogo ya kamera yetu, kama ya simu, haina kitu. Ulinzi wake ni sisi tu.

Kuko jambo la pili, na hili ni zito kuliko la kadi.

Wengine wetu tunaozungumza hapa tulisoma darasa la kwanza Lugufu, ng'ambo, Kigoma. Wageni walikuja na kamera kubwa za kubeba kwa bega, wakatupiga tukiwa kwenye foleni ya unga, tukiwa na kamasi, tunacheka. Wakaenda. Mpaka leo hatujaona hata picha moja. Kambi ilifungwa 2009, sisi tukavuka ziwa, na sura zetu za utoto ziko fasi tusiyoijua. Tulikua na hasira hiyo. Halafu tulipopata kamera mkononi, tukafanya kilekile.

Mama mmoja alikubali kutuelezea usiku ule kijiji chao kilipochomwa. Alisema mambo ambayo hakuwa amesema hata kwa dada yake. Tulimuuliza kabla: «Mama, unakubali tupige?» Akasema ndiyo. Tukaona inatosha. Lakini alikubali kusema na sisi wawili, ndani ya nyumba yake. Hakukubali kijana ayaangalie kwenye kioo hiki kidogo akingoja mpira uanze, wala majirani wamsikie. Na njo vile ilivyotokea, juu kamera ilipita mkono kwa mkono kama inavyopita sasa. Alikuja kwetu asubuhi, hakupiga kelele. Alisema: «Mutoe.» Tulifuta mbele ya macho yake. Halafu ikatubidi kumwambia ukweli mwingine, kwamba kopi ilikuwa imekwisha kwenda ofisini pamoja na ripoti ya mwezi. Hakujua kuna ripoti. Tuliandika barua kuomba ifutwe kule, na tukamletea jibu kwa karatasi, akashika mkononi. Anatusalimia sasa. Tena katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungo cha 31, inalinda maisha ya siri ya mtu. Tulisoma hiyo chuoni, na tukaisahau kwenye terrain.

Sasa, tunavyopendekeza. Kamati imekwisha kuyaongea haya.

Kadi zitakuwa mbili. Hii yenye alama ya rangi nyeupe ya kucha ni ya ushuhuda na mashamba. Nyingine ni ya sherehe. Kadi nyeupe haitoki kwenye sanduku kwenda harusini, hata mukwe wa mwenyekiti akioa. Kila kilichopigwa juu ya shamba kinanakiliwa siku ileile fasi mbili: kwenye diski ya chama, na kwenye flashi ambayo familia yenyewe itashika. Mpaka zote mbili zimefunguliwa na kuangaliwa, kadi haifutwe. Kusikia «imeingia» hakutoshi. Tumeona flashi zinazoonyesha jina la faili, na ndani hamuna kitu.

Mwanzo wa kila video, mtu aseme kwa sauti tarehe, kijiji, na nani wapo. Musitegemee saa ya kamera. Ikilala siku nyingi sana bila moto, inapoteza tarehe, na inaanza kuhesabu upya kama mtoto aliyezaliwa jana.

Juu ya ushuhuda wa mtu, tutauliza mara tatu: kabla ya kupiga, baada ya kumwonyesha alichosema, na tena kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote, hata ofisi yetu. Akisema hapana mara ya tatu, ni hapana. Na ile lenzi ya kuvuta mbali, isitumike kumchukua mtu asiyejua. Vilevile bandari, uwanja wa ndege na kambi za askari, muache kabisa. Kamera itachukuliwa, na wewe pamoja nayo.

Mtu asidanganyike kwamba video ni cheti. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na video haikupi hati. Kazi yake ni kwenye baraza la mufalme ao shefu wa kijiji, pale majirani wanapobishana, na iende pamoja na karatasi ya mapatano yenye sahihi ao kidole cha kila mmoja. Tumeona karatasi peke yake ikibishiwa, watu wanasema «sahihi si yangu». Ni vigumu zaidi kusema «miguu si yangu».

Bei, sasa. Harusi na ubatizo wa mwanachama ni franka 10 000, wa nje wanalipa mara mbili, na anayekodi anakuja na kadi yake mwenyewe. Matanga ni bure. Tunajua vijana wanataka kamera ishinde mjini ikitafuta pesa kila siku ya Mungu, na pesa hizo zingesaidia sanduku la wagonjwa, hatukatai. Lakini batri ni moja na inadumu kama saa moja hivi. Tukiipata ya pili tutazungumza tena.

Kumebaki familia ya mzee. Shefu atasikiliza maneno ya lile shamba mwisho wa mwezi. Wale majirani wawili waliotembea naye wako hai. Tulikwenda kwao wiki iliyopita. Muluba alikubali mara moja. Mutwa alinyamaza kwanza, tukaogopa, kisha akatuuliza kama tunakumbuka ilikuwa hatua sita ao saba. Alisema yeye anakumbuka sita, na atakuja. Tunaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kwa moto mbili, na fasi ya mtu mmoja bado iko. Mwenye mzee anayetaka kutembea shamba lake baada ya hapo, aandikishe jina leo kwa mama mtunza sanduku, njo mwenye daftari.