Kabla ya kunyoosha kidole, tutafute karatasi ya tribinali

Maneno tuliyoyasema mbele ya wakuu wa kambi na wajumbe wa familia zilizokimbia vita katika Ituri



Asanteni kwa kuacha kazi za mashamba na foleni ya maji ili tukae pamoja leo. Tumekuja kuongea juu ya jambo moja tu: karatasi. Si karatasi ya kupokelea chakula, bali hukumu iliyoandikwa na tribinali. Wengine watauliza: karatasi italeta amani gani? Tuanze na yale tuliyoyaona.

Katika kambi moja, familia mbili za kijiji kimoja zilikaa pande mbili za njia bila kusalimiana. Kijana wa familia ya kwanza aliuawa kabla wote hawajakimbia. Watu wawili walishikwa. Baadaye mmoja akaonekana tena sokoni. Hapo maneno yakaanza: ametoa pesa, ana mtu wake huko juu, ndugu zake wamenunua pikipiki. Vijana wakaapa kwamba siku ya kurudi kijijini, nyumba ya watu wale haitasimama.

Tulisafiri mpaka tribinali pamoja na mjumbe mmoja wa kila familia. Safari ya kwanza karani hakuwepo. Safari ya pili tukaambiwa kitabu hakionekani. Safari ya tatu tukakipata. Hukumu ilisema kwamba mtu mmoja alipatikana na kosa, akafungwa. Yule wa pili aliachiliwa kwa sababu mashahidi walimwona mahali pengine siku ile, na mmoja wa mashahidi hao alikuwa mjomba wa marehemu mwenyewe, ambaye familia haikuonana naye tena tangu vita. Zaidi ya hayo, tribinali iliamuru mwenye kosa amlipe fidia mama wa marehemu. Mama yule hakujua. Miaka minne alikuwa akilia na kusema kwamba hakuna aliyemsikiliza.

Hatusemi kwamba siku ile walikumbatiana. Lakini kiapo cha vijana kilikufa, na asubuhi iliyofuata wamama wawili walisalimiana kisimani.

Hii ni haki, si hisani

Katiba ya nchi yetu ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 20 kwamba vikao vya mahakama ni vya wazi, isipokuwa pale uwazi unapoweza kuharibu usalama au maadili. Kifungu cha 21 kinasema kila hukumu iandikwe, itoe sababu zake, na isomwe mbele ya watu. Basi anayeomba kujua hukumu haombi zawadi. Anaomba kitu ambacho tayari kilisemwa hadharani.

Tena, sababu zina uzito kuliko neno la mwisho. Mnakumbuka Bogoro, 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimwachilia Mathieu Ngudjolo tarehe 18 Desemba 2012, na rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 2015. Germain Katanga alipatikana na hatia Machi 2014, akapewa miaka 12. Aliyesikia redioni neno moja tu, "ameachiliwa", angeweza kufikiri kwamba mahakama imekana mauaji ya Bogoro. Sivyo. Majaji waliandika kwamba ushahidi juu ya mtu yule haukutosha, lakini uamuzi huo hauondoi mateso yaliyowapata watu wa Bogoro siku ile. Aliyesoma alijua hivyo. Aliyesikia tu alibaki na uchungu.

Hukumu hizo za mbali zinasomwa leo dunia nzima. Ile ya kesi ya jirani yako imelala katika kabati la tribinali ya wilaya, na hakuna atakayeileta kambini. Ni lazima tuifuate.

Namna ya kuitafuta

Kwanza, tukusanye tunachokijua kabla ya kulipa nauli. Jina lote la mshtakiwa, pamoja na jina la baba yake na kijiji chake. Mwaka na mwezi aliposhikwa. Ofisi ya polisi iliyomshika. Kama mna karatasi yoyote, hata ya kuitwa kama shahidi, angalieni herufi na namba zilizoandikwa juu. RMP ni namba ya kesi katika ofisi ya mwendesha mashtaka, yaani parke. RP ni namba ya kesi ya jinai katika tribinali. RPA ni ya rufaa. Namba moja ya hizo inaweza kuokoa siku tatu za kutafuta.

Pili, tujue mlango wa kubisha. Kesi inaanza kwa polisi, inapanda parke, kisha inafika tribinali. Nyingi hazifiki. Kama kesi iliishia parke, hakuna hukumu ya kutafuta. Ulizeni kama faili limefungwa au bado liko wazi. Kama ilifika, makosa yenye adhabu isiyozidi miaka 5 yako katika tribinali ya amani, na makubwa zaidi yako katika tribinali kuu. Kama mshtakiwa ni askari, nendeni upande wa kijeshi. Hapa Ituri na katika Kivu ya Kaskazini kuna jambo la kuongeza: tangu Mei 2021, serikali ilipoweka utawala wa kijeshi, kesi za jinai za raia nazo zilipelekwa kwa mahakama za kijeshi. Ndiyo maana faili linaweza kuwa limehama. Ukiambiwa "hatunalo", uliza: "Lilipelekwa wapi, na tarehe gani?"

Kumbukeni pia kwamba tribinali husafiri mara nyingine na kuketi kijijini, hata chini ya mwembe. Hukumu ya namna hiyo haibaki kijijini. Inarudi na karani mpaka makao ya tribinali.

Tatu, tuongee na karani wa tribinali, ambaye ndiye mtunza vitabu. Mwambieni kwa heshima: tunaomba kuangalia kitabu cha kesi za jinai cha mwaka fulani, na tunaomba nakala ya hukumu yenye muhuri. Nakala ina malipo yake. Ulizeni bei kabla, na mdai risiti. Anayekataa kuandika risiti hakuombi malipo ya serikali. Asiye na uwezo anaweza kutafuta cheti cha umaskini na kuomba apunguziwe au asamehewe.

Nne, kama kitabu kimeungua au kimepotea, msikate tamaa upesi. Angalieni parke, mahakama ya rufaa kama kesi ilipanda, mwanasheria aliyesimama katika kesi, na gereza, kwa maana gereza huandika nani ameingia, kwa hukumu gani, na lini atoke. Ndugu wa Kivu wanatuuliza juu ya wafungwa waliotoka magereza ya Goma na Bukavu yalipovunjwa Januari na Februari 2025. Jibu ni hili: kuvunjika kwa gereza hakufuti hukumu. Aliyehukumiwa bado amehukumiwa, na mwenye nakala nyumbani ana ushahidi wake.

Tano, tuangalie siku. Anayetaka kukata rufaa katika tribinali ya kiraia ana siku 10 tangu hukumu isomwe mbele yake, au tangu apewe taarifa kama hakuwepo. Kwa familia iliyo kambini, siku 10 ni kama usiku mmoja. Kesi ikiendelea, chagueni mtu wa kuhudhuria.

Yasiyo ya wazi

Si kila kitu kiko wazi, na ni vema hivyo. Uchunguzi wa parke ni wa siri mpaka kesi ifike tribinali. Kesi za watoto walio chini ya miaka 18 zinasikilizwa faragha, kwa sheria ya 10 Januari 2009. Na kwa makosa ya ubakaji, sheria ya Julai 2006 inataka majaji walinde usalama na heshima ya waliotendewa. Tunawasihi wakuu wa kambi: jina la mama au binti aliyebakwa lisisomwe mbele ya watu, hata kama limo katika karatasi mkononi mwako. Karatasi iliyotafutwa kwa ajili ya amani isimvunje mtu mara ya pili.

Tukiisha kuipata

Hukumu imeandikwa kwa Kifaransa. Msimpe mtu mmoja aisome na kuwaambia anachotaka. Chagueni wasomaji wawili, mmoja wa kila upande, waisome pamoja na kuieleza kwa Kiswahili, kwanza kwa familia zenyewe, kisha kwa wazee. Wasome mashtaka, sababu, na uamuzi, bila kuruka. Kama wasomaji hawaelewani juu ya mstari, watafute mwanasheria kabla ya kuongea na watu.

Na kama hukumu inakuumiza? Inawezekana. Tribinali inakosea, na watu wanakosea. Lakini hata hivyo utajua unabishana na nini: jina gani, ushahidi gani, sababu gani. Utabishana na karatasi mbele ya jaji, hutabishana na jirani kwa panga.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni hivyo. Siku ya kurudi itafika, na tutarudi katika vijiji vilevile, kwenye visima vilevile. Tukirudi na uvumi, tutachoma. Tukirudi na karatasi, tutakuwa na mahali pa kuanzia kuongea.

Kabla ya kuachana leo, tunaomba kila kambi iandike majina ya watu wawili watakaofuata kesi za familia zao. Sisi tutasafiri nao mara ya kwanza. Mara ya pili watajua njia wenyewe.