Kabla ya Kupeleka Kazi kwa Mchapaji: Habari ya Wino Mweupe

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, semina ya siku moja, ukumbi wa parokia)

 

Tuliombwa tuongee juu ya matangazo na lebo za bidhaa. Tumeona afadhali tuchukue jambo moja tu, maana limeshakula pesa za wenzetu. Jambo lenyewe ni wino mweupe.

Wengi mnakijua kisa cha wafugaji nyuki wa upande wa Mwingi. Walichoka kuuza asali kwa chupa zisizo na jina. Wakachanga, wakaagiza lebo za plastiki inayoonyesha ndani kama kioo, ili mnunuzi aione asali yenyewe, pamoja na stika moja kubwa ya dirisha la duka lao. Msichana wa mwanachama mmoja, aliyesomea kazi hiyo chuo cha ufundi, akachora nyuki wa manjano, maua meupe na maandishi mekundu. Kwa kompyuta ilipendeza. Sisi wenyewe tuliitazama tukasema iko sawa.

Lebo zilipobandikwa kwenye chupa, nyuki hayuko. Maua hayako. Maandishi yamekuwa kama doa la kahawia. Shilingi 14,000 zimekwenda, nazo zilikuwa za kununua mizinga. Katika mkutano uliofuata msichana alilaumiwa mpaka akalia, na sisi tulikuwa pale, tukanyamaza. Leo tunasema mbele yenu kwamba tulimkosea. Yeye alifundishwa kuchapa juu ya karatasi. Mchapaji wa mjini alijua ile plastiki ni ya namna gani, lakini hakuuliza lolote, alichapa tu na kupokea pesa.

Sasa wacha tueleze kilichotokea. Mashine nyingi za kuchapa mabango zina wino wa rangi nne: buluu, pinki iliyokolea, manjano na nyeusi. Nyeupe haimo. Mtu atauliza, mbona kalenda ya parokia ina nyeupe? Ile ni karatasi. Mahali penye nyeupe mashine inapita bila kuweka kitu. Tena rangi hizo ni nyepesi, zinapitisha mwanga, kwa hiyo zinategemea kilicho chini yake. Mnajua ukuta wa udongo: ukitaka rangi ya manjano ing'ae, kwanza unapiga chokaa. Wino mweupe ndio chokaa yetu. Juu ya plastiki inayoonyesha ndani, au juu ya kitu cheusi, bila hiyo chokaa rangi zinamezwa. Kwa kompyuta huwezi kuliona kosa hili, kwa sababu ukurasa wa kompyuta ni mweupe tangu mwanzo.

Na hapa tuseme neno kwa waweka hazina. Bango la kawaida la harambee linachapwa kwenye turubai ambalo tayari ni jeupe. Halihitaji wino mweupe, na mtu asiwatoze kwa ajili yake. Lakini mahali unapohitajika, mjue bei itapanda, kwa sababu ni tabaka zaidi na mashine inakwenda polepole.

Kwanza kabisa, uliza kama mashine yao ina wino mweupe. Nyingi hazina. Kama ipo, kijana wa kompyuta asifikiri kwamba akipaka nyeupe kwenye mchoro imetosha. Mashine itaisoma kama mahali patupu. Nyeupe inachorwa katika tabaka lake peke yake, na kupewa rangi maalumu yenye jina. Jina hilo mchapaji ndiye anayelijua, kwa sababu kila mashine ina lake, na liandikwe vilevile bila kukosea herufi, la sivyo mashine haitalitambua. Ndani ya faili tabaka hilo linaweza kuonekana la pinki au kijani, msishtuke, hiyo ni alama tu ya kuliona. Ujazo wake uwe asilimia 100. Tena lipangwe lichapwe pamoja na rangi nyingine bila kuzikata. Likikata, rangi za mahali hapo zitaondolewa kwenye faili, na utapata nyuki mweupe mtupu.

Halafu kuna mpangilio, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Lebo ya chupa inatazamwa kutoka mbele: nyeupe inatangulia, rangi zinafuata juu yake. Stika inayobandikwa upande wa ndani wa kioo, ikasomwa na mtu aliye nje, ni kinyume. Picha inageuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia, rangi zinatangulia, nyeupe inakuja nyuma yake. Ikiwa mnataka isomwe pande zote mbili, nyeupe inakaa katikati ya rangi na rangi, na maandishi ya upande wa pili yapangwe mbali. Mwambieni mchapaji kwa maandishi itabandikwa wapi na nani ataitazama akiwa wapi. Kusema kwa mdomo hakutoshi, yule aliyewapokea siye atakayeiendesha mashine.

Tabaka jeupe lipunguzwe kidogo pembeni, kama sehemu mbili za kumi za milimita, ili lisichungulie nje ya rangi kama petikoti iliyozidi gauni. Kwa maandishi madogo msiweke nyeupe chini ya kila herufi, itasumbua. Wekeni kipande kizima cheupe, maandishi yakae juu yake. Tarehe, uzito na ile mistari ya bei ya supamaketi vinahitaji kipande hicho, maana mistari myeusi juu ya asali nyeusi haisomeki kwa mashine wala kwa macho.

Wino wenyewe ni mzito. Rangi yake inatokana na unga wa titani, ambao unatuama chini kama unga wa uji uliosahauliwa. Ukikaa bila kukorogwa unaziba matundu ya mashine, na nyeupe inatoka ya kijivu au yenye michirizi. Kwa hiyo ombeni kipande kimoja cha majaribio kabla ya kulipa chote, na mwende na chupa ya asali mkononi. Msikiangalie juu ya meza ya mchapaji. Kibandikeni kwenye chupa palepale.

Mara ya pili wale wenzetu walifanya hivyo. Walikataa kipande cha kwanza kwa sababu nyeupe ilikuwa nyepesi, wakaomba ipigwe mara mbili. Chini ya nyuki na maandishi pana nyeupe, na katikati wameacha duara bila wino wowote, asali inaonekana yenyewe. Mzee mmoja alisema wamelipia shimo. Lakini ni hilo shimo watu wa sokoni wanalonyoshea kidole.

Yule msichana yuko nasi leo. Baada ya chai atafungua faili lake la kwanza na hili la pili, mkae karibu na kompyuta, na vijana wenye kazi zao kwenye flashi wazitoe zitazamwe.