Mzinga na Manowari katika Pwani ya Bagamoyo

Neno mzinga, ambalo kwa mfuga nyuki ni gogo lililochongwa ndani, ndilo waliloliita watu wa Mrima silaha iliyonguruma kutoka manowari za Wajerumani mwaka 1888 na 1889. Hemedi bin Abdallah alivitungia utenzi vita hivyo. Wapiganaji wa Abushiri hawakupungukiwa na ushujaa; walipungukiwa na silaha ya kuifikia manowari iliyotia nanga mbali.

Baadaye mambo yalipinduka. Königsberg ilipoangamia katika delta ya Rufiji, Julai 1915, Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 ya milimita 105, wakaitilia magurudumu. Mmoja ulitekwa Bagamoyo Waingereza waliposhuka hapo tarehe 15 Agosti 1916: silaha ya meli imekuwa mlinzi dhidi ya meli. Mizinga hiyo ilitolewa Rufiji kwa mikono ya mamia ya Waafrika. Vitabu vimehifadhi jina la nahodha Looff, ya wavutaji (na Bagamoyo ni mji wa wapagazi!) hayakuandikwa.

Aprili 2022, makombora ya Ukraine yaliyorushwa kutoka nchi kavu yaliizamisha manowari Moskva. Mzigo ule sasa huchukuliwa na lori.