Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Juma hili tuupime msemo huo katika mji wa Valencia, pwani ya mashariki ya Hispania. Huko familia zinazokuja kutalii, baba, mama na watoto, hulipa ili mwongozaji awatembeze kizimba hadi kizimba na mkahawa hadi mkahawa, wakionja vyakula vya mji na kuelezwa habari zake.

Utauliza: mtu atalipaje fedha ili aonyeshwe nyanya? Swali lako ni la haki. Jibu lake liko Soko Kuu la mji huo, lililofunguliwa mwaka 1928, jengo kubwa la chuma, vioo na vigae vya rangi. Si jumba la makumbusho. Ni soko ambamo wenyeji hununua samaki na mboga zao kila siku isipokuwa Jumapili, nalo hufungwa saa tisa alasiri. Basi atakaye kuliona likiwa hai sharti afike asubuhi. Kwa wenye watoto hilo ni jema, maana Waspania hula chakula cha mchana kwenye saa nane, na cha usiku saa tatu au baadaye, wakati mtoto wa miaka mitano yu usingizini.

Mwongozaji anayeijua kazi yake hawaswagi watoto kama mbuzi. Mwendo ni mfupi, vituo ni vingi, na kila kituo kina cha kushika au cha kutia mdomoni. Kipo kinywaji kiitwacho horchata, cheupe, baridi na kitamu, mtu angedhani ni maziwa. Kumbe hutengenezwa kwa viazi vidogo vya mmea ulio jamaa ya ndago, magugu yale yale yanayowatesa wakulima wetu. Watu wa Valencia huyapanda jamaa hayo, huviloweka viazi vyake, huvisaga, hukamua tui lake na kutia sukari. Watoto huchovya humo mikate mirefu laini.

Na mtoto wa Kiswahili angepata la ziada. Sukari kwa Kispania ni “azúcar”, zafarani ni “azafrán”, zeituni ni “aceituna”. Maneno hayo, yao na yetu, chimbuko lake ni Kiarabu. Waislamu waliutawala mji huo hadi mwaka 1238, nao ndio waliostawisha huko kilimo cha mpunga na mifereji ya kumwagilia mashamba. Wali maarufu wa paella, wa zafarani, kuku, sungura na maharage, umetokana na mashamba hayo ya kando ya ziwa Albufera, kusini mwa mji. Hata hivyo, mzazi Mwislamu na aulize kabla ya kuonja, kwa kuwa nyama ya nguruwe ni ya kawaida katika mikahawa ya huko.

Sasa turudi kwenye msemo wetu. Je, mwenyeji anapona?

Tazama Barcelona, mji mwingine wa pwani hiyo hiyo. Soko lake la Boqueria lilijaa wageni wenye kamera hata mama wa mji aliyefuata samaki akakosa pa kupita. Wachuuzi nao wakafuata fedha ilipo: badala ya mboga za kupika, wakapanga vikombe vya sharubati na matunda yaliyokatwa. Mwaka 2015 manispaa ikayapiga marufuku makundi ya watalii wanaozidi 15 kuingia humo Ijumaa na Jumamosi, tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Soko lililopoteza wanunuzi wake limebaki picha, na mgeni mwenyewe hana tena cha kuonyeshwa.

Kwa hiyo kipimo si kikubwa. Kundi liwe dogo. Mwenye kizimba aamkiwe na aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Kinachoonjwa kinunuliwe kwake. Na mama mwenye kikapu apishwe, kwani soko ni lake. Watoto wakifundishwa hayo pamoja na ladha ya zafarani, ziara imelipa pande zote mbili.

Maneno haya hayaihusu Hispania pekee. Unguja pia wageni hutembezwa mashamba ya viungo na soko la Darajani, na kipimo ni kile kile.

Lakini nina swali jingine kwako, mzazi wa mjini. Mgeni anavuka bahari ili mwanawe aione karafuu mtini na samaki mezani kwa mvuvi. Wa kwako, anayeijua vyema chipsi mayai, umempeleka sokoni lini? Hakuna kiingilio, na mwongozaji ni wewe. Samaki mkunje angali mbichi.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.