Mwendo wa Gari Kuukuu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumlipa Fundi



Miongoni mwa malalamiko yanayofika mezani petu, yapo yanayofanana kama mapacha. Mtu ana pikapu ya dizeli ya gia za mkono, mara nyingi Toyota Hilux iliyokwishatumika nchi nyingine kabla ya kuletwa Unguja. Anachukulia samaki kutoka Nungwi au Mkokotoni kuja mjini, na kurudi na saruji au mchele. Anaona kwamba ikifika kilomita 70 kwa saa injini inalia na mwendo hauongezeki, ilhali magari ya watalii yanampita. Anakwenda gereji, anaahidiwa mwendo, analipa. Na baada ya muda mfupi anatujia akiwa hana mwendo wala injini.

Leo tunakusudia kulieleza jambo hili tangu mwanzo wake, ili kila mmoja wetu ajue anachokinunua.

Kwanza tufanye hesabu. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni takriban kilomita 60. Lakini njia hiyo hupita Mtoni, Bububu na Mahonda, penye skuli, masoko, ng'ombe na watoto. Tukisema kilomita 20 tu ndizo zilizo wazi, basi kwa mwendo wa 70 utazimaliza kwa dakika 17, na kwa mwendo wa 90 utazimaliza kwa dakika 13. Faida yote ni dakika nne. Anayekwenda kusini naye atapunguza mwendo Jozani, kwenye matuta yaliyowekwa ili kuwanusuru kima punju. Hatusemi dakika nne si kitu, kwani samaki hawangoji. Tunasema zipimwe dhidi ya gharama yake.

Na gharama yenyewe ni hii. Upinzani wa hewa hauongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa mraba wake. Gari linalotoka 70 kwenda 90 hukabiliwa na upinzani wa hewa ulioongezeka kwa asilimia 65 hivi, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda huwa zaidi ya mara mbili. Masafa ya kusimama tangu breki zinaposhika nayo huongezeka kwa asilimia 65 hiyo hiyo. Pikapu yenye kichwa kipana, shehena iliyopita kimo cha bodi na turubali linalopigapiga upepo ina kazi kubwa zaidi. Kufunga turubali vizuri na kupanga mzigo chini ni dawa isiyouzwa dukani.

Pili, tufahamu kwamba gari linaweza kuwa zito kwa sababu limechoka, si kwa sababu limeumbwa hivyo. Kabla ya kununua chochote kipya, hakikisha gari limerudishiwa nguvu zake za asili. Filta ya hewa iliyojaa vumbi huinyima injini pumzi. Filta ya dizeli iliyoziba huinyima chakula. Nozeli zilizochakaa hutia mafuta kwa matone badala ya ukungu, na moshi mweusi huwa ndio ushahidi. Waya wa eksileta uliolegea huzuia pampu isifunguke hadi mwisho, hata dereva akikanyaga mpaka chini. Klachi inayoteleza hupandisha mlio bila ya kupandisha mwendo. Tairi zisizo na upepo wa kutosha, na breki zinazoshika gurudumu kwa sababu ya kutu ya hewa yetu ya chumvi, humfanya dereva aisukume gari yake mwenyewe.

Jaribio la breki halihitaji chombo. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Iliyo na joto kuliko wenzake ndiyo yenye kesi ya kujibu.

Mkanda wa taimingi nao usisahaulike. Katika injini za dizeli za Hilux za zamani zenye mkanda huo, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Anayenunua gari kuukuu asiyeonyeshwa ushahidi wa kubadilishwa kwake na aubadilishe mwenyewe, kwani ukikatika njiani hubomoa vali, na hapo hapana fundi wa kulaumiwa.

Mafuta pia ni sehemu ya mwendo. Neno uchakachuaji tunalijua sote: dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa hupoteza ulaini unaoilinda pampu, na nguvu hupungua. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, yaani ZURA, hutangaza bei za mafuta kila mwezi. Dizeli inayouzwa kwa madumu kando ya njia kwa bei iliyo chini mno ya hiyo ni ya kutiliwa shaka. Nunua kituoni, na udai risiti.

Tatu, tuzitazame ahadi nne zinazouzwa sana.

Ahadi ya kwanza ni kufungua pampu, yaani kuongeza dizeli kwa kuzungusha skrubu. Gari huchangamka siku hiyo hiyo, na hapo ndipo palipo mtego. Dizeli iliyozidi bila ya hewa ya kuichoma hugeuka moshi na joto, na joto hilo huishia kwenye silinda hedi, ambayo ikipasuka gharama yake hupita faida ya safari nyingi.

Ahadi ya pili ni kufunga turbo kwenye injini isiyotengenezwa nayo. Yawezekana, na wako wanaoifanya kwa ustadi. Lakini injini hiyo ilikwishabuniwa kwa mgandamizo mkubwa, na pistoni zake hazikutayarishwa kwa joto la ziada. Asiyegusa upoozaji, oili wala upimaji wa dizeli, akafunga turbo peke yake, amekuuzia nusu ya kazi.

Ahadi ya tatu ni tairi kubwa. Tairi iliyozidi kwa kimo asilimia 10 hupunguza mizunguko ya injini kwa mwendo ule ule. Lakini mshale ukionyesha 80, wewe hasa unakwenda 88. Breki hulemewa, na gari lenye mzigo hukosa nguvu ya kuondoka.

Ahadi ya nne ni kubadilisha meno ya difu. Hii ndiyo yenye mantiki kwa injini nzima inayolia kupita kiasi. Kutoka uwiano wa 4.556 hadi 4.1, mizunguko hupungua kwa asilimia 10. Lakini kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, difu ya mbele na ya nyuma sharti zilingane. Zikitofautiana, giaboksi ya kati inaweza kuvunjika. Na injini dhaifu haitaweza kuvuta gia ya tano hata ikipewa.

Ndugu zetu, mlalamikaji mmoja alitujia na karatasi iliyoandikwa maneno matatu tu: "Kazi ya injini", na kiasi cha fedha chini yake. Hakuwa na orodha ya vifaa, wala tarehe, wala vyuma vyake vya zamani. Alikuwa na haki; alichokosa ni ushahidi.

Kwa hiyo tunausia hivi. Kabla ya kazi, pata makadirio kwa maandishi yanayotaja kila kifaa, ujira na muda wa dhamana. Kubalianeni kwamba hakuna nyongeza bila ya idhini yako. Vyuma vilivyotolewa ni mali yako, viombe. Ukinunua injini ya mtumba, andikisha namba yake na siku za majaribio. Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho, endesheni gari pamoja likiwa na mzigo wake wa kawaida. Na mafundi wetu waaminifu, karatasi hiyo inakulindeni nyinyi vilevile, kwani mteja naye husahau alichokiagiza.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Gari kuukuu linalokwenda 70 kwa utulivu, breki zikiwa salama, limefikisha samaki wengi sokoni kabla hawajaoza. Aliyekwisha kulipishwa kwa ahadi isiyotimia asikate tamaa: aje na risiti yake, nasi tutamsikiliza.